Walioona na Waliokula Nyama

Vijana wa ofisini, mliponiaga mlisema niwaachie maneno machache kuhusu kazi ya kufundisha watu sheria. Machache sina. Habari za vyeo na mishahara sitaandika, kwa sababu nilistahili zaidi ya nilivyopewa na kila mtu analijua hilo. Nitaandika yale ambayo hamtayakuta kwenye mafunzo yenu ya Nairobi, na moja kati ya hayo mpaka leo sijalielewa. Labda nyinyi mtalielewa. Ila nina wasiwasi.

Kwanza mjue ni nani anayesema nanyi. Mimi Ndinda ni binti wa mvunja kokoto wa Sultan Hamud. Nikiwa msichana niliuza mayai ya kuchemsha kwa abiria wa treni, na nilijua kuhesabu chenji kwa Kikamba, Kiswahili, Kiingereza na Kihindi kabla sijavaa viatu. Mwishoni mwa miaka ya sitini nilikwenda Uingereza nikiwa yaya wa familia moja, na watoto wao walipoanza shule, wakaniambia asante na kwaheri. Sikurudi. Niliosha sufuria za hospitali mchana na jioni nikaenda chuoni, mpaka nikapata diploma ya sheria na elimu ya watu wazima. Hakuna aliyenilipia hata penseli. Diploma yenyewe mama yangu aliitundika juu ya mlango wa jikoni ili kila mgeni aione, ikala moshi wa kuni mpaka jina langu likawa na rangi ya chai. Lakini ipo, na anayetaka kuisoma aje.

Niliporudi nchini katikati ya miaka ya sabini niliajiriwa na idara ya elimu ya watu wazima, nikapewa kazi ya kuzunguka Kitui na zile sehemu za barabara ya Mombasa ambazo sasa ni Makueni lakini wakati huo zilikuwa bado za Machakos. Kazi yenyewe ilikuwa ni kumwambia mwananchi haki zake ili asiogope mahakama. Fikra za wakubwa zilikuwa nyepesi: mtu akijua sheria atapata haki. Na mimi niliamini hivyo. Bado ninaamini, ila siku hizi naamini polepole.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Emali, siku ya soko. Nilivaa suti niliyokuja nayo kutoka ng'ambo, nikasimamisha ubao wangu wa kukunja karibu na wauza ng'ombe, nikaanza na historia ya mahakama. Malori yalikuwa yakipiga honi, Wamasai wakipita na mifugo yao kati yangu na wanafunzi wangu, na wanafunzi wenyewe walikuwa mlevi mmoja na mama aliyekuja kwa sababu ubao ulimpa kivuli. Nilifundisha kwa nguvu zote. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali. Yule mama akainua mkono, akauliza hii sheria inauzwa wapi, na kama inauzwa kwa kilo au kwa debe.

Nilirudi Kitui nikiwa nimekasirika na watu wote wa Emali. Aliyenituliza alikuwa Mzee Salim, karani na mkalimani wa mahakama, mtu wa familia za Waislamu wa Kitui mjini ambao babu zao walitoka pwani kwa biashara wakazoea joto letu. Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu, na simwambii mtu mwingine hivyo. Alinipa chai ya tangawizi, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Binti yangu, watu hawaendi kusikiliza sheria. Watu wanakwenda kusikiliza kesi."

Kutokana na hilo nikabuni kesi za kuigiza, na nataka ijulikane kwamba ni mimi niliyezibuni katika wilaya ile, ingawa baadaye walijitokeza wengine kudai. Tulikuwa tunachagua hakimu kati ya wanafunzi, mshtaki, mshtakiwa na mashahidi. Kesi ya punda aliyekula mtama wa jirani. Kesi ya mzinga wa nyuki ulioibiwa. Watu walianza kuja. Walikuja na viti vyao. Na ili wasisahau kanuni za ushahidi, niliwafundisha kama wimbo. Mimi ninauliza, "Uliona?" Wao wanajibu, "Niliona!" "Basi?" "Sema!" "Ulisikia tu?" "Nilisikia!" "Basi?" "Nyamaza!" Ungepita karibu na darasa langu ungedhani ni kanisa.

Nilikuwa nimechoka kuona kesi nzuri zikianguka kwa sababu shahidi amesimama mbele ya hakimu kueleza jambo aliloambiwa na shangazi, ambaye naye aliambiwa kisimani. Mnaona, sikuwa mjinga. Kanuni ilikuwa sahihi na ni sahihi mpaka leo.

Darasa langu bora kabisa lilikuwa Ikutha, kusini mwa Kitui. Tulikuwa tunakutana kwenye ukumbi wa chifu baada ya mnada wa mbuzi. Mwanafunzi wa kwanza kwa akili alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Mbithi, mwembamba, mwenye koti la kijivu ambalo hakulivua hata wakati wa kiangazi. Alikuwa ndiye hakimu katika kesi zetu za kuigiza, na alikuwa mkali kuliko mimi. Shahidi akithubutu kusema "watu wanasema", Mbithi anamfukuza nje ya ukumbi kwa kidole.

Nyuma kabisa, karibu na mlango, alikuwa anakaa mwanamke aliyeitwa Mutheu. Hakuwa akiongea. Alikuja na vikapu vya kusuka, mikono ikifanya kazi na masikio yakisikiliza. Huo ulikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, sheria mpya ya urithi ilikuwa imeanza kutumika, nami nilikuwa nimetumwa kuifundisha kila mahali. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa kwamba mjane ana haki katika mali ya marehemu mumewe. Na kwa sababu mwalimu mzuri huanza na msingi, juu yake nikaandika maelezo niliyokuja nayo kutoka chuoni, kwamba ndoa ni mapatano ya mume na mke.

Mutheu akaweka kikapu chini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kusikia sauti yake.

"Mwalimu, na mimi ni mke wa nani?"

Wenyeji wote walijua alichouliza. Mutheu alikuwa *iweto*. Kwetu Ukambani, mwanamke ambaye mume wake amekufa bila kumwachia mtoto anaweza kutoa mbuzi na kuoa mwanamke mwenzake, ili huyo azae watoto kwa jina la nyumba ile, isije ikafungwa. Aliyemuoa Mutheu alikuwa mama mmoja aliyeitwa Nzilani. Mume wa Nzilani alikufa kabla Mutheu hajawahi kuvuka mto Tiva kuja upande huu. Watoto walizaliwa, wakapewa majina ya nyumba ile, wakaitwa watoto wa marehemu. Sasa Nzilani naye alikuwa amekufa, na ndugu mdogo wa mumewe alikuwa ametangaza kwamba shamba linarudi kwake. Mutheu na watoto wafunge mizigo warudi kwa baba yake.

Ndugu mdogo huyo alikuwa Mbithi. Alikuwa amekaa mbele, na chaki yangu ya akiba ilikuwa mkononi mwake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinifutia ubao.

Nilisema anachosema mtu yeyote mwenye diploma akikwama. Nilisema nitaangalia kwenye vitabu.

Niliangalia. Nilisoma vyote nilivyokuja navyo na vingine nilivyoazima, na katika vyote mwanamke alikuwa binti, mke, mama au mjane. Aliyeolewa na mwanamke mwenzake ili awe mke wa mtu aliyekwisha kufa hakuwemo hata pembeni. Nikajiuliza kama ni mke wa Nzilani. Vitabu vinakataa. Mke wa marehemu? Hawakuwahi kuonana hata kwa mbali. Na kama si mke wa yeyote, wale watoto waliokuwa wakiitikia jina la marehemu kila asubuhi shuleni walikuwa wa nani? Nilimuuliza Mzee Salim. Akafikiri kidogo, akasema swali lile nisilijibu ubaoni, kwa sababu ubao una pande mbili tu.

Kesi ikapelekwa mahakamani. Hakimu alikuwa akija Ikutha kusikiliza kesi kwenye ukumbi uleule wa chifu, basi Mutheu angejitetea mahali palepale nilipomfundisha. Wakili hakuwa naye. Nilimwambia asiogope, maana ana kitu bora kuliko wakili: ana majirani waliosomeshwa na mimi. Kila mtu Ikutha anajua kwamba mbuzi wa *ntheo* walitoka kwa Nzilani wakaenda kwa baba yake Mutheu. Kwetu hao mbuzi wakishafika, mambo yamekwisha, mtoto wa watu ameolewa. Wazee waliosema maneno siku hiyo kwa niaba ya Nzilani walikuwa wamekufa, lakini majirani walikuwa hai. Wangesimama, wangesema, kwisha.

Siku ya kesi nilivaa ile suti. Hakimu alikuwa kijana kutoka sehemu za Mlima Kenya, mpole, hajui Kikamba hata cha kuombea maji. Salim alikuwa akitafsiri. Mbithi, kwa kuwa ndiye mlalamikaji, alikaa mbele na koti lake la kijivu. Mutheu alikaa na watoto wake. Hakuwa amekuja na kikapu, na mikono yake haikujua pa kukaa.

Mashahidi wa Mutheu waliitwa kwanza, kwa sababu walikuwa wazee na walitaka kurudi kwa mifugo. Wa kwanza alikuwa Mzee Kilonzo, ambaye shamba lake linapakana na la Nzilani. Aliapa vizuri. Hakimu akamuuliza kama anajua mbuzi wa ntheo walipelekwa kwa baba yake Mutheu.

"Sikuwaona wakienda," akasema Kilonzo.

"Lakini unajua kwamba walipelekwa?"

"Kujua ninajua, bwana hakimu. Kuona sikuona. Kama sikuona, ninyamaze." Akanigeukia, akanyamaza kweli, mdomo umefungwa kama mfuko wa nafaka.

Akafuata Mama Syombua. Huyu aliwahi kuniambia kwa kinywa chake jinsi Nzilani alivyofurahi siku Mutheu alipoletwa nyumbani. Hakimu akamuuliza alishuhudia nini.

"Nilikula nyama."

"Nyama ya mbuzi wa ntheo?"

"Nyama ikishafika kwenye sufuria haina jina. Nilikula tu."

"Na ilikuwa karamu ya nini?"

"Niliambiwa ni ya kumkaribisha bibi arusi. Lakini hayo niliambiwa." Akaketi, ameridhika.

Wa tatu alikula nyama. Wa nne alikula nyama na kunywa uji. Mmoja baada ya mwingine walisimama mbele ya hakimu wakiwa wasafi, waaminifu, waliofundishwa wakafundishika, na kila mmoja akaondoa jiwe moja chini ya nyumba ya Mutheu. Watu ambao kabla sijafika Ikutha wangesema wote kwa sauti moja kwamba huyu ni mke wa nyumba ile, kwa sababu wanajua hivyo kama wanavyojua mashariki ni wapi, sasa walikuwa wakisema hawakuona. Mutheu alinitazama mara moja tu. Machoni mwake kulikuwa na hasira, ndiyo, lakini iliyozidi ilikuwa namna mtu anavyotazama dawa aliyopewa hospitalini ikawa inazidisha homa.

Nilitaka kusimama niseme kwamba kanuni ina njia zake, kwamba mambo ya mila husemwa hata na asiyeona, lakini mimi si wakili, na sikuwa nimewafundisha njia hizo. Niliwafundisha ya kwanza, hizo nyingine ningewafundisha mwaka uliofuata.

Ikawa zamu ya Mbithi. Alisimama kama alivyokuwa akisimama kwenye kesi za kuigiza, kidole kimoja juu ya kifungo cha koti. Akaeleza kwamba shamba ni la ndugu yake, kwamba ndugu yake hakuacha mtoto, na kwamba huyu mwanamke ni mgeni aliyekaribishwa na mgeni mwenzake. Aliongea vizuri. Kwa haki ya Mungu, nilijivunia.

Hakimu akamuuliza Mutheu kama ana swali kwa mlalamikaji. Hilo nililifundisha pia, kwamba mtu ana haki ya kumuuliza mpinzani wake. Mutheu akasimama. Aliongea Kikamba, polepole, akimwita kwa jina la heshima kama mke anavyomwita shemeji yake.

"Wewe shemeji, siku ile mbuzi walipokuja kwa baba yangu, ni nani aliyekuwa akiwaswaga kwa fimbo?"

Mnajua, Mbithi angeweza kusema hakumbuki. Wazee wote waliokuwepo wameshazikwa. Angeweza kusema aliambiwa tu. Lakini alikuwa mwanafunzi wangu bora, na aliona hapa pana nafasi ya kuonyesha.

"Ni mimi," akasema. "Niliona kwa macho yangu, kwa hivyo ninasema. Niliwapeleka mimi mwenyewe mpaka ng'ambo ya Tiva, na lile dume jeusi lilinisumbua njia nzima, lilitaka kurudi. Baba yako aliwapokea, nikapewa uji." Akamgeukia hakimu, akatabasamu. "Lakini mbuzi ni mbuzi, bwana hakimu. Mwalimu huyu hapa ametufundisha kwamba ndoa ni mapatano ya mume na mke. Mbuzi hawawezi kumfanya mwanamke awe mume."

Salim alitafsiri yote hayo bila kubadilisha uso. Hakimu aliinua kalamu, akauliza tena kama mlalamikaji anakubali kwamba yeye, ndugu wa marehemu, ndiye aliyepeleka mbuzi wa ntheo kwa baba ya mwanamke huyu. Mbithi akasema anakubali, kwani ni kweli. Alinitazama kama mtoto anayengoja mwalimu amwekee alama ya vema.

Hakimu akawaita wazee pembeni, akawauliza mila inasemaje, na mara hii wakajibu, maana waliulizwa mila, hawakuulizwa walichoona. Alipokuja tena baada ya majuma kadhaa alisoma uamuzi wake. Desturi imethibitishwa na mlalamikaji mwenyewe. Mutheu ni mke kwa mila za Wakamba, watoto ni wa nyumba ile, wasiondolewe kwenye shamba. Hakusema ni mke wa nani. Nilisikiliza kwa makini, nikamwomba Salim arudie, na hata Salim hakulipata neno hilo.

Mbithi alikuja kwangu baadaye, nikiwa nakunja ubao. Hakuwa na hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alisema alifanya kila kitu nilichofundisha. Alisema ukweli, alisema alichoona, alitaja sheria. "Basi mbona nimeshindwa, mwalimu? Ulikuwa upande wa nani?" Nilimwambia mwalimu hana upande. Akanifutia ubao kama kawaida yake, akaondoka.

Wakubwa wangu waliuliza mwaka huo kama masomo ya sheria yanawasaidia wananchi kupata haki. Nilijibu ndiyo, kwa herufi kubwa, na sikudanganya. Mutheu alishinda kwa sababu alijua anaweza kuuliza swali. Lakini alikaribia kushindwa kwa sababu majirani zake walijua kanuni. Na Mbithi alishindwa kwa sababu alijua sana, au kwa sababu alijua nusu, au kwa sababu alikuwa mtu mwaminifu, na mimi ndiye niliyempa vyote isipokuwa uaminifu. Nimekaa na hesabu hiyo miaka yote na haitoki sawa. Ninyi mnaoanza sasa, fundisheni. Lakini mkishafundisha kanuni, msifunge darasa mpaka muulize nani ameielewa kwa namna ambayo nyinyi hamkukusudia.

Niliendelea kuzunguka, Makueni ikawa wilaya inayojitegemea, ubao wangu ukavunjika bawaba nikauunga kwa ngozi. Mzee Salim alistaafu kabla yangu. Nilipobakiza miezi michache ya kazi nilipata ujumbe kutoka Ikutha. Binti mkubwa wa Mutheu anaolewa, mbuzi wa ntheo wanaletwa kutoka kwa kijana, na mimi nimealikwa.

Nilipofika nilimkuta Mutheu akipika muthokoi, mwenye furaha na mwenye haraka. Nikamuuliza ni nani atakayepokea mbuzi, kwa sababu lazima wapokewe na mwanaume wa upande wa baba, na nyumba ile haikuwa na mwingine mkubwa zaidi ya mmoja. Mutheu akanionyesha kwa kidevu. Mbithi alikuwa amesimama kwenye lango la boma, koti lake la kijivu likiwa limefuliwa. Hakuna aliyemlazimisha. Nilimuuliza Mutheu kwa nini amemwita mtu aliyetaka kumfukuza hapa. Akasema yeye hakumwita, alikuja mwenyewe jana kuuliza wageni watafika saa ngapi.

Mbuzi wakaonekana njiani, vumbi mbele na vijana nyuma. Mbithi akaninyooshea kidole, kilekile alichokuwa akifukuzia mashahidi.

"Mwalimu, toka jikoni," akasema. "Simama hapa karibu yangu utazame vizuri wakiingia. Usije siku moja ukaulizwa, ukasema ulikula nyama tu."